Kodi ya banda si bajeti ya maonesho: hesabu inayomkabili mzalishaji wa Pemba

Maonesho ya Kimataifa ya Biashara ya Dar es Salaam, ambayo wananchi wameyazoea kwa jina la Sabasaba, katika miaka ya karibuni yamekuwa yakifunguliwa tarehe 28 Juni na kufungwa tarehe 13 Julai. Ni siku 16. Kwa mfanyabiashara anayeishi Temeke au Ilala, kila moja ya siku hizo huanza kwa kupanda daladala asubuhi na kumalizika kwa kurudi nyumbani jioni. Kwa mzalishaji wa sabuni za mwani wa Micheweni au wa asali wa Mkoani, siku hizo 16 zina usiku wake wa kulipiwa malazi, mizigo yake ya kuvushwa bahari mara mbili, kutoka Pemba hadi Unguja na kutoka Unguja hadi Dar es Salaam, na siku zake za kungoja boti kabla na baada ya safari.

Pamoja na hayo, tangazo la maonesho linapotoka, swali la kwanza ambalo wazalishaji wengi huuliza ni bei ya banda. Ni swali la haki, ila jibu lake halitoshi kumwezesha mtu kuamua aende au asiende. Waandaaji na washiriki wazoefu wa maonesho katika nchi mbalimbali hutumia kanuni ya makisio inayosema kwamba kodi ya nafasi ni takriban theluthi moja ya gharama yote ya kushiriki. Aliyeambiwa alipie nafasi shilingi milioni 1 ajiandae kutumia karibu milioni 3 mpaka atakaporejea kwake. Kwa anayetoka Pemba, theluthi mbili zilizobaki zinaweza kuvimba zaidi, kwa sababu sehemu kubwa yake ni safari na malazi.

Hapo ndipo linapozuka tatizo la kile kinachoitwa banda la bure. Wajasiriamali wengi wadogo huingia katika maonesho makubwa kwa mgongo wa taasisi ya Serikali, jumuiya au mradi uliokwisha kulipia nafasi. Utaratibu huo ni mzuri na umewafungulia wengi milango. Lakini anayesikia neno bure na kufunga mizigo bila kukaa na kalamu amesamehewa theluthi moja tu. Nyingine mbili zinamsubiri njiani, na mara nyingi humkuta akiwa na mtaji wa kununulia malighafi mfukoni, akautumia kwa chakula na nauli.

Sababu za kutoka nje ya kisiwa ziko wazi. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba, kati ya watu 61,741,120 wa Tanzania nzima. Soko lote la kisiwa ni pungufu ya mtu mmoja katika kila mia ya Watanzania. Mwenye kuzalisha mafuta ya nazi, viungo, mikoba ya ukili, chumvi au sabuni kwa wingi hawezi kubaki na wateja wa Chake Chake na Wete pekee akatarajia kukua. Kinachohitaji kupimwa ni njia ya kutoka, na maonesho ni njia mojawapo tu, tena ghali.

Hesabu ya mfano

Ili jambo hili lionekane, na tuchukulie ushirika wa wanawake 12 wa Micheweni wanaotengeneza sabuni za mwani. Tarakimu zifuatazo ni za kielelezo. Kila kikundi kitaweka zake kulingana na bei za wakati wake. Ushirika umeamua kupeleka watu wawili Sabasaba. Umepata nafasi kwa shilingi 1,500,000, kodi ya ongezeko la thamani ikiwamo. Jambo hilo la kodi lisipitwe haraka: kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18, na bei iliyotangazwa bila kodi hiyo humshtua mshiriki anapopokea ankara.

Nauli za watu wawili kwenda na kurudi, boti na gari, ni shilingi 400,000. Mizigo, yaani boti, wachukuzi wa bandarini na gari la kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Barabara ya Kilwa, ni 350,000. Malazi, chakula na nauli za mjini ni shilingi 35,000 kwa mtu kwa siku; wanakaa siku 18, kwani watu hawawezi kuteremka kwenye boti wakaingia bandani saa ileile, na hiyo ni shilingi 1,260,000. Bango, meza, taa na kitambaa cha kupambia ni 450,000. Vifungashio vipya, lebo na vipeperushi ni 400,000. Wanatenga 300,000 kwa ajili ya kuwafuatilia wateja baada ya maonesho. Jumla ni 4,660,000. Wakiongeza asilimia 10 ya dharura, ambayo ni 466,000, bajeti inafika shilingi 5,126,000. Kodi ya nafasi ni chini ya theluthi ya fedha hizo.

Sabuni moja inauzwa shilingi 3,000 na kuitengeneza kunagharimu 1,800. Faida ni 1,200. Ili ushirika urudishe shilingi 5,126,000 kwa kuuza bandani peke yake, unatakiwa kuuza sabuni 4,272, sawa na sabuni 267 kila siku kwa siku zote 16, bila kukosa hata siku moja. Ikiwa kila sabuni ina uzito wa gramu 100, huo ni mzigo unaozidi kilo 420 wa kuvusha bahari, bila kuhesabu maboksi.

Na kama nafasi ingekuwa ya bure? Kodi ikiondolewa na dharura ikapunguzwa kwa uwiano uleule, bajeti inabaki shilingi 3,476,000, na sabuni za kuuza ni 2,897. Hiyo ni kama sabuni 181 kwa siku. Watu wawili wanaopokea wageni, kueleza bidhaa, kurudisha chenji na kulinda mali wataweza siku za sikukuu, pengine tarehe 7 Julai yenyewe. Siku ya Jumanne yenye mvua ni hesabu nyingine.

Kutokana na hayo mtu angeweza kusema kwamba Sabasaba haifai kwa wazalishaji wadogo. Hesabu haisemi hivyo. Inachosema ni kwamba mauzo ya reja reja bandani hayawezi kubeba gharama ya safari, kwa hiyo lazima safari iwe na lengo jingine. Ushirika uleule ukiuza sabuni 800 bandani utapata faida ya shilingi 960,000, na deni la safari litabaki 4,166,000. Ukiwa pia umepata maduka matatu, kila moja likichukua sabuni 300 kwa mwezi kwa bei ya jumla inayoacha faida ya shilingi 700 baada ya kutoa gharama za kuvusha mzigo, kila mwezi utaingiza faida ya 630,000. Safari itakuwa imejilipa katika mwezi wa saba, na kuanzia hapo maduka hayo ni faida tupu. Wanawake 12 watatakiwa kutengeneza sabuni 900 kwa mwezi, sawa na sabuni 75 kila mmoja. Kazi hiyo inawezekana.

Maduka matatu, basi, ndiyo lengo. Likishajulikana, bajeti hubadilika sura. Shilingi 450,000 za kupambia banda zinaweza kupunguzwa, na sehemu yake ikanunua sampuli ndogo za kuwapa wenye maduka. Mmoja wa wale watu wawili atapangiwa siku tatu au nne za kutoka nje ya viwanja, aende Kariakoo, Mwenge au kwenye hoteli akiwa na sampuli na orodha ya bei ya jumla. Na kikundi kitajibu mapema swali ambalo mnunuzi wa jumla huliuliza kabla ya yote: mnaweza kuleta ngapi kila mwezi, na mkichelewa itakuwaje? Asiyekuwa na jibu la swali hilo huyarudia nyumbani majina mengi kwenye daftari la wageni, na sifa za kwenye daftari hazilipi boti.

Fedha zinatakiwa lini

Bajeti iliyoandikwa vizuri inaweza kukwama kwa sababu fedha hazikuwapo siku zilipohitajika. Katika mfano huo, karibu gharama zote zinatoka kabla sabuni ya kwanza haijauzwa. Juu yake kuna gharama ya kuzitengeneza sabuni 800 zinazosafiri, yaani shilingi 1,440,000, ambazo zitarudi kupitia mauzo lakini lazima ziwepo kwanza. Ushirika unahitaji kuwa na kiasi cha shilingi milioni 6.5 mkononi au mahali pa uhakika. Mwenye kutegemea mauzo ya wiki ya kwanza yalipie chakula cha wiki ya pili anacheza kamari na watu wake walioko ugenini.

Kuna wanaokopa. Mkopo si haramu katika mipango ya biashara, lakini muda wake ulingane na kazi inayofanywa. Marejesho yanayoanza mwezi wa kwanza hayaoani na maonesho ambayo matunda yake, kama tulivyoona, yanakamilika mwezi wa saba. Mwombaji aliyebeba jedwali la hesabu kama hilo hapo juu ana cha kumweleza ofisa mikopo, na ana haki ya kuomba kipindi cha kupumua kabla ya kuanza kulipa.

Kwa taasisi za umma ugumu ni wa aina yake. Mwaka wa fedha wa Serikali huisha tarehe 30 Juni, na Sabasaba hufunguliwa tarehe 28. Maonesho hayo yanakaa juu ya mpaka wa bajeti mbili: kodi ya nafasi, uchapaji na usafirishaji hulipwa katika mwaka unaomalizika, wakati posho za watumishi na gharama za siku nyingi za maonesho huangukia mwaka mpya, ambao siku zake za mwanzo mara nyingi ni za kufungua vitabu na kusubiri fedha zitoke. Ofisa mipango asiyegawa shughuli hiyo katika mafungu mawili tangu bajeti inapoandaliwa atawakuta wenzake Temeke wakijitolea mifukoni mwao wiki ya kwanza ya Julai. Maonesho ya Januari, yanayokwenda sambamba na sherehe za Mapinduzi ya 1964, hayana tatizo hilo, kwa kuwa yanaangukia katikati ya mwaka wa fedha.

Bahari na upepo

Juni na Julai ni miezi ya kusi. Wavuvi na manahodha wa Pemba hawahitaji kufundishwa maana yake: bahari huchafuka, hasa katika mkondo wa Nungwi, na safari ya boti inaweza kuahirishwa kwa ajili ya usalama wa abiria. Uamuzi huo unapochukuliwa hakuna wa kulaumiwa, na mwenye mzigo bandarini Mkoani hana la kufanya ila kungoja. Kwa hiyo siku mbili za akiba kabla ya ufunguzi ni sehemu ya bajeti, na gharama zake ziandikwe kama zilivyo. Mzigo mzito ni bora utangulie wiki moja, na mtu mmoja wa kuupokea awe amejulikana kwa jina na namba ya simu.

Bidhaa zenyewe zinaathirika. Chupa za kioo za mafuta huvunjika, asali huvuja, na sabuni iliyofungwa kabla ya kukauka sawasawa hutoa jasho ndani ya nailoni na kufika ikiwa imebadilika rangi. Katika hesabu za vikundi vingi sehemu ya hasara ya njiani huachwa tupu. Kutenga hata vipande vitatu au vine katika kila mia kunampa mpangaji picha ya kweli zaidi, na kunamlazimisha afikirie maboksi mazuri mapema.

Nyaraka nazo zina bei

Mnunuzi wa jumla wa leo huigeuza bidhaa na kusoma nyuma kabla ya kuinusa. Anatafuta alama ya ubora, tarehe ya kutengenezwa, anuani, na msimbomilia, ambao kwa bidhaa zilizosajiliwa Tanzania huanza na tarakimu 620. Mzalishaji wa Pemba atapita Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA) kwa ajili ya usajili wa jina au kampuni, Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) kwa ajili ya alama ya ubora, na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA) iwapo bidhaa ni chakula au kipodozi. Kila hatua ina ada na, lililo zito zaidi, ina muda wake. Sampuli haipimwi kwa siku moja. Anayeanza kushughulikia alama ya ubora mwezi Mei kwa ajili ya maonesho ya Juni amechelewa, na ni afadhali fedha za banda azielekeze kwenye vipimo, asubiri maonesho yanayofuata.

Gharama hizo zisirundikwe zote juu ya maonesho mamoja. Cheti kinachodumu kwa kipindi kirefu kinatumika dukani kila siku, na haki yake ni kuhesabiwa kama uwekezaji wa biashara nzima. Bango zuri la kitambaa ni vivyo hivyo: likitumika mara nne, kila safari ibebeshwe robo ya bei yake.

Karafuu inahitaji tahadhari ya peke yake. Ununuzi wa zao hilo kutoka kwa wakulima uko chini ya Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), na kulitoa nje ya Zanzibar bila kibali ni magendo, hata kama nia ya mwenye nalo ni kuonesha tu. Mjasiriamali anayetaka kupamba meza yake kwa karafuu kavu, au anayetengeneza viungo vilivyochanganywa na karafuu, awasiliane na shirika hilo na aondoke kisiwani akiwa na karatasi mkononi. Gunia lililozuiliwa bandarini siku ya safari haliwezi kukombolewa kwa maelezo.

Risiti zote zitunzwe, kuanzia ya kodi ya nafasi hadi ya gari la mizigo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu matumizi yaliyofanywa mahsusi kwa ajili ya kuzalisha kipato cha biashara yaondolewe katika kukokotoa faida inayotozwa kodi, na gharama za maonesho ni miongoni mwa matumizi ya namna hiyo. Isiyo na risiti haina wa kuitetea.

Si kila bidhaa inafaa kila maonesho

Mafuta ya makonyo yanayokamuliwa na ZSTC katika kiwanda chake cha Wawi, Chake Chake, yanaonesha jambo ambalo wengi hulisahau. Bidhaa hiyo ina wateja wa aina mbili wasiokutana. Yupo mama anayenunua kichupa kidogo cha kuchulia misuli au kutuliza jino, na huyu yuko Sabasaba kwa maelfu. Yupo pia mnunuzi wa kiwanda cha manukato, dawa au bidhaa za meno, anayenunua kwa mapipa, na huyu hapiti kwenye foleni za Barabara ya Kilwa akitafuta vichupa. Anataka cheti cha maabara kinachoonesha kiwango cha yujenoli, sampuli iliyofungwa vizuri, na mtu mwenye mamlaka ya kutaja bei. Kampuni inayomtafuta wa pili huku fedha zake zote zikiwa kwenye mapambo ya banda la wa kwanza imekosea njia, hata kama banda hilo litapata tuzo.

Jambo hilohilo linawahusu wakulima wa mwani. Anayeuza mwani mkavu kwa kilo anahitaji wanunuzi wachache wakubwa, na mkutano mmoja uliopangwa vizuri unaweza kumfaa kuliko siku 16 za kusimama. Anayeuza sabuni, losheni au jamu ya mwani anahitaji macho ya watu wengi, na maonesho ya wananchi ndiyo mahali pake.

Ngazi pia zipo, na si lazima mtu aanze na ya juu. Maonesho ya Siku ya Chakula Duniani yanayofanyika Chamanangwe, Wilaya ya Wete, kila Oktoba humfikia mzalishaji wa Pemba kwa gharama ya gari la kwenda na kurudi. Hapo anaweza kujaribu bei mbili tofauti, kuona lebo ipi inasomeka kwa mbali, na kujua ni nani katika kikundi ana ulimi wa kuuza. Maonesho ya Kimataifa ya Biashara ya Zanzibar ya mwezi Januari, ambayo miaka ya nyuma yalikuwa Maisara na siku hizi yamehamia Nyamanzi, Unguja, yana bahari moja ya kuvuka. Sabasaba yana mbili. Kikundi kilichopita Chamanangwe na Nyamanzi kinafika Temeke kikiwa na tarakimu zake chenyewe za mauzo ya siku, badala ya za kubahatisha.

Ratiba nayo inaweza kubadilika bila ya kosa la yeyote. Maonesho ya Dunia ya Dubai yaliyopangwa kwa mwaka 2020 yalifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2021 kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Kabla ya kulipa, mshiriki asome masharti ya kuahirishwa na kurejeshewa fedha, na asichape tarehe kwenye vipeperushi vyake elfu moja kama hakuna haja.

Kazi baada ya mabanda kufungwa

Shilingi 300,000 zilizotengwa katika mfano kwa ajili ya ufuatiliaji ndizo zinazoshawishi zaidi kukatwa pale bajeti inapobana, na kuzikata ni kukata tawi ulilokalia. Mwenye duka aliyechukua sampuli tarehe 5 Julai amekwisha kuonana na wazalishaji wengine kumi kufikia tarehe 13. Anayempigia simu ndani ya wiki moja, akamtumia bei kwa maandishi na kumpelekea boksi la kwanza kwa wakati, huyo ndiye anayekumbukwa. Kwa hiyo katika daftari la bandani, mbali na jina na simu, kuandikwe mgeni alitaka nini, kiasi gani, na aliahidiwa nini na nani. Mauzo ya kila siku yaandikwe peke yake, ya fedha taslimu na ya simu, na hesabu ifungwe kila usiku kabla ya kulala.

Bidhaa zinazobaki zipangiwe mapema. Kurudisha kilo 40 za sabuni Pemba kunagharimu karibu sawa na kuzipeleka, na kuziuza kwa bei ya kutupa siku ya mwisho kunaharibu bei mbele ya wenye maduka walioanza kujadiliana. Baadhi ya vikundi huacha mzigo uliobaki kwa wakala mmoja wa kuaminika jijini, kwa maandishi, ili oda za mwanzo zitokee hapo hapo wakati mzigo mpya ukitengenezwa nyumbani.

Ndani ya wiki mbili baada ya kurejea, wanachama wote wakae waisome hesabu: kilichopangwa, kilichotumika, kilichouzwa, na wateja wa kudumu waliopatikana. Baada ya miezi sita isomwe tena, maana siku ya kurejea safari karibu zote huonekana zimekula hasara. Ushirika wa mfano wetu ungerudi Micheweni ukiwa na pengo la zaidi ya shilingi milioni 4, na asiyejua kuhusu yale maduka matatu angedhani watu wawili wamekwenda kutembea.

Kwa wanaokusudia kushiriki Sabasaba, mpangilio wa miezi ni huu. Januari na Februari kikundi kinaamua lengo na kukagua vyeti. Machi kinaulizia nafasi, ama moja kwa moja kwa Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara Tanzania (TanTrade), inayoandaa maonesho hayo, ama kupitia taasisi inayoratibu washiriki wa Zanzibar. Aprili na Mei ni za uzalishaji, vifungashio na malazi. Mzigo unatoka Pemba katikati ya Juni. Maelezo kuhusu ushiriki, usajili na alama za ubora yanapatikana katika ofisi za Pemba za Wizara ya Biashara na Maendeleo ya Viwanda na za taasisi zilizotajwa, siku za kazi, na mwombaji anashauriwa kwenda na sampuli ya bidhaa yake pamoja na makisio ya gharama aliyoyaandika mwenyewe.